Kutoka Habari hadi Ushahidi: Imani ya Umma kwa Uandishi wa Habari katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Neno habari lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni salamu: watu wawili wakikutana, mmoja humwuliza mwenzake habari za nyumbani, za kazi au za safari, na mwenzake hujibu. Pili, ni jina la kile kinachochapishwa gazetini na kutangazwa redioni. Katika kazi ya kwanza, anayeuliza na anayejibu wanatazamana. Katika kazi ya pili, msemaji yuko mbali, na aghalabu msikilizaji hana njia ya kumfikia ili amwulize swali la pili.

Makala haya yanachunguza jinsi watu wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet walivyoziamini au kuzikataa habari walizoletewa, tangu enzi ya ukoloni hadi hizi zama za simu na mitandao. Kabianga, katika kaunti ya Kericho, ni mahali panapofaa kusimama mtu anapotaka kuitazama historia hiyo. Shule ya serikali ilianzishwa hapo katika miaka ya 1920, wakati uleule ambapo makampuni ya Kiingereza yalikuwa yakipanda chai katika nyanda hizo; na tangu Machi 2013 pana chuo kikuu kamili. Kwa hiyo kalamu na jani la chai vimekua pamoja katika ardhi moja kwa karibu karne nzima.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani ya umma haikutegemea aina ya chombo, kiwe gazeti, redio au simu. Ilitegemea mambo matatu: kujulikana kwa msemaji, kuhifadhiwa kwa maneno yake, na uwezekano wa kumtaka ayajibie. Palipokosekana mojawapo, imani ama iliyeyuka ama iligeuka kuwa hatari.

Kokwet, baraza na gazeti

Kabla ya gazeti na redio, habari za Wakipsigis zilipimwa katika kokwet, yaani baraza la wazee wa mtaa. Mwenye neno alilisema mbele ya majirani wanaomjua yeye, baba yake na mipaka ya shamba lake. Si kwamba uwongo haukuwapo. Penye watu uwongo haukosi. Lakini mwongo alikuwa na uso, na kesho yake alilazimika kupita njia ileile.

Utawala wa kikoloni ulileta baraza la aina nyingine. Chifu alikusanya watu, akasoma amri, watu wakatawanyika. Jina ni lilelile, lakini maneno yalikwenda upande mmoja tu. Ndivyo zilivyofika habari nyingi za kuhuzunisha. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Maelezo rasmi yalisema kwamba hatua hiyo ilikuwa kwa ajili ya amani na utulivu. Wenyeji walikuwa na maelezo mengine, yakapokewa kwa mdomo, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 2022 yalipofikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu pamoja na madai ya ardhi. Hapo ndipo ulipo mzizi mmoja wa mashaka ambayo bado yapo: watu walijifunza mapema kwamba neno lililopigwa muhuri si lazima liwe kweli.

Wakati huohuo mashamba ya chai yalikuwa yakipanuka. Kampuni ya Brooke Bond ilifika Kericho katikati ya miaka ya 1920, na ya James Finlay ikafuata muda mfupi baadaye. Wafanyakazi walitoka Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya, wakaishi katika kambi za makampuni, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 liliitwa Baraza. Uteuzi wa jina hilo unastahili kuzingatiwa. Gazeti lilijiita kwa jina la mahali ambapo watu huketi na kujibizana, na kwa kiasi fulani lilitimiza ahadi hiyo, kwani kurasa za barua na mashairi za magazeti ya Kiswahili zilikuwa uwanja ambao msomaji alimjibu msomaji mwenzake, tena kwa jina lake na anwani yake.

Katika lugha ya wenyeji nako palikuwa na jaribio la namna hiyo. Taaitta Toweett, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu na mtaalamu wa isimu ya Kikalenjin, aliwahi kuhariri jarida lililoitwa Ngalek ab Kipsigis, yaani maneno ya Wakipsigis. Neno ngalek halitenganishi sana maneno, mambo na habari. Wasomaji wa jarida hilo walikuwa wachache, lakini walimjua mhariri. Katika enzi hiyo, basi, nguzo zote tatu zilisimama, ijapokuwa kwa watu wachache waliojua kusoma: msemaji alijulikana, maneno yalibaki katika karatasi, na jibu liliweza kuandikwa.

Sauti inayojulikana: redio ya lugha ya mama

Kwa miaka mingi baada ya uhuru redio ilikuwa mali ya serikali, kwanza kwa jina la Sauti ya Kenya, kisha kwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Milango ilipofunguliwa kwa watangazaji wa binafsi, redio za lugha za mama zilichipuka kwa haraka. Kass FM, inayotangaza kwa Kikalenjin, iliingia katika majiko, matatu na mashamba ya chai. Kwa mara ya kwanza mchumaji chai aliweza kupiga simu na sauti yake ikasikika nchi nzima katika lugha aliyonyonya. Kipindi cha asubuhi kilichoendeshwa na Joshua arap Sang kiliitwa Lee Nee Eme, maana yake ni kuuliza nchi inasemaje. Kwa ufupi, kiliitwa habari, lakini habari ile ya salamu, inayongoja jibu.

Imani waliyoipata watangazaji hao ilikuwa kubwa, na serikali iliitambua nguvu yake. Novemba 2005, wakati wa kampeni za kura ya maoni ya katiba, Kass FM ilisimamishwa kwa muda kwa madai ya uchochezi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliingia katika machafuko ambayo, kwa mujibu wa Tume ya Waki, yaliua watu 1,133. Tume hiyo, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilipokea malalamiko dhidi ya redio kadhaa za lugha za mama, Kass FM ikiwa mojawapo. Desemba 2010 jina la Sang lilitajwa miongoni mwa Wakenya sita walioshukiwa na Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Septemba 10, 2013 kesi yake na ya William Ruto ilianza huko The Hague.

Kesi hiyo inawahusu moja kwa moja wataalamu wa lugha. Upande wa mashtaka ulidai kwamba mtangazaji alitumia lugha ya mafumbo kuwaelekeza washambuliaji. Swali likawa: ni maneno gani hasa yaliyosemwa hewani, siku gani, na yalimaanisha nini kwa Mkalenjin aliyeyasikia? Fumbo halina maana moja kama ilivyo tarakimu. Maana yake hutegemea nani anasema, wakati gani, na msikilizaji anajua nini tayari. Majaji walilazimika kupitia kwa wakalimani na mashahidi, na baadhi ya mashahidi hao waliyakana maneno yao ya awali. Aprili 5, 2016, kwa wingi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, kesi ilisitishwa. Hakukuwa na hukumu ya hatia, wala mshtakiwa hakutangazwa kuwa hana hatia.

Funzo la kesi hiyo kwa historia ya imani ni kwamba nguzo ya kwanza pekee haitoshi. Msemaji alijulikana mno. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu wa nyumbani. Lakini maneno ya redio hupita kama upepo. Pasipo kumbukumbu kamili ya matangazo, iliyohifadhiwa na kutafsiriwa kwa uangalifu, jamii ilinyimwa nafasi ya kujua. Waliokuwa na hakika kwamba alichochea walibaki na hakika yao, na waliokuwa na hakika kwamba alisingiziwa walibaki na yao.

Uvumi wa simu na neno ushahidi

Machafuko hayohayo yalidhihirisha hatari ya aina nyingine. Desemba 30, 2007 serikali iliamuru matangazo ya moja kwa moja yasimamishwe, na amri hiyo ikadumu hadi mwanzoni mwa Februari 2008. Nia iliyotajwa ilikuwa usalama. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kuacha pengo katika saa ambazo watu walihitaji habari kuliko wakati wowote, na pengo hilo likajazwa na ujumbe mfupi wa simu.

Neno uvumi limetokana na kitenzi kuvuma. Upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma. Katika yote hayo kuna sauti isiyo na mtu. Ujumbe wa simu uliopokewa na kupelekwa mbele mara mia ulikuwa uvumi kwa maana hiyo kamili: kila aliyeupeleka alikuwa mpitishaji tu, na hapakuwa na wa kuulizwa.

Januari 31, 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi mjini Eldoret na polisi wa trafiki. Polisi walieleza kwamba chanzo kilikuwa ugomvi wa mapenzi. Kericho, nyumbani kwa mbunge huyo, wengi waliamini kwamba ni mauaji ya kisiasa. Siku mbili tu kabla yake mbunge mwingine wa upinzani, Mugabe Were, alikuwa ameuawa Nairobi. Ghasia zikazuka Kericho, nyumba zikachomwa, na mazungumzo ya upatanishi yaliyoongozwa na Kofi Annan yakaahirishwa siku hiyo.

Ni rahisi kuwalaumu watu wa Kericho kwa kuamini uvumi. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza kwa nini maelezo ya polisi hayakuaminiwa. Jibu halimo katika siku ile moja. Limo katika miaka mingi ya kusomewa amri barazani, na katika mwezi mzima wa kunyimwa matangazo. Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo mara nyingi hutumiwa kuhalalisha uvumi. Yafaa pia isomwe kama onyo: jambo lisilokuwapo laweza kuletwa na kule kusemwa kwake. Moto ulioziteketeza nyumba Kericho ulikuwa wa kweli, habari iliyouwasha iwe ya kweli au isiwe.

Katika mwezi huohuo wa Januari 2008 Wakenya wachache, akiwamo Ory Okolloh, waliunda tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa raia kwa njia ya simu na intaneti na kuzionyesha juu ya ramani. Waliiita Ushahidi. Hapana shaka kwamba jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Shahidi ni mtu aliyekuwapo. Ushahidi ni neno ambalo mwenyewe yu tayari kulisimamia. Simu ileile iliyobeba uvumi ilitakiwa sasa ibebe habari yenye mahali, siku na saa. Tangu hapo neno hilo la Kiswahili limetumika katika nchi nyingi wakati wa maafa na chaguzi. Ni mchango wa lugha hii katika msamiati wa uandishi wa habari duniani, nao ulizaliwa katika uchungu.

Filamu ya mwaka 2023

Mashamba ya chai yenyewe yalishambuliwa katika machafuko hayo. Wafanyakazi 218 wa shamba moja la Kericho walijaribu kuishtaki kampuni ya Unilever mjini London, wakidai kwamba haikuwalinda. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba kesi dhidi ya kampuni mama haiwezi kuendelea. Ushahidi wao haukupata siku yake kamili mahakamani. Jambo hilo linafaa kukumbukwa linapozingatiwa lile lililofuata.

Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza, katika vipindi vya Africa Eye na Panorama, filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba ya Kericho yaliyokuwa yameendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walisema kwamba walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao. Mwandishi wa kike aliingia huko kama mtafuta kazi, akiwa na kamera ya siri, na yeye mwenyewe akakumbana na wasimamizi waliotaka ngono ndipo wampe kazi. Makampuni yalisema yamewasimamisha baadhi ya waliotuhumiwa, Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi, na kampuni ya Starbucks ikasitisha ununuzi wa chai kutoka James Finlay Kenya.

Jambo la kushangaza si kwamba dhuluma hiyo ilifichuliwa, bali kwamba haikuwa siri. Mwaka 2011 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi lilikuwa limechapisha ripoti iliyotaja malalamiko ya namna hiyohiyo katika shamba la Kericho lililokuwa na cheti cha ubora cha Rainforest Alliance. Kwa hiyo maneno ya wanawake yalikuwapo kwa miaka isiyopungua 11 kabla ya filamu. Yalikosa nini?

Hayakukosa ukweli. Yalikosa nguzo. Katika shamba la chai nyumba ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni, na mara nyingi shule ni ya kampuni. Mwanamke anayelalamika kwa jina lake huhatarisha kazi, paa na elimu ya watoto kwa neno moja. Akisema bila jina, maneno yake huitwa porojo. Yaani utaratibu wenyewe uliugeuza ushahidi kuwa uvumi. Kilichofanywa na filamu ni kuazima nguzo mahali pengine. Mwandishi yule jina lake halisi halikutajwa, lakini alikuwapo, naye ni shahidi kwa maana ya asili ya neno hilo. Kamera ilihifadhi maneno. Na shirika lililotangaza lilijulikana, likawapa watuhumiwa nafasi ya kujibu, na lingeweza kushtakiwa kama limesema uwongo. Siri ya mwandishi haikuiondoa dhamana. Dhamana ilibebwa na chombo.

Hata hivyo, kuaminiwa nje si sawa na kuaminiwa nyumbani. Mwaka 2024 mmoja wa wanaume waliotuhumiwa katika filamu hiyo alichaguliwa na wakulima wadogo kuwa mkurugenzi katika kiwanda kimoja cha chai cha Kericho, na malalamiko yakazuka nchini. Waliopiga kura walimjua kama jirani. Filamu ilikuwa imesemwa na watu wa mbali kwa watu wa mbali. Kwa mtazamaji wa Uingereza, chombo kilikuwa na uso. Kwa baadhi ya wakulima, mwenye uso alikuwa yule aliyetuhumiwa. Tukio hilo linaonyesha kwamba uandishi wa habari usiorudi kuketi na watu ambao habari inawahusu, katika lugha yao, unaweza kushinda duniani na kushindwa kijijini.

Zama za sauti na picha za kuundwa

Hali ya sasa yaweza kuelezwa kwa ufupi kwa kuzitazama nguzo zile tatu. Redio ilikuwa na msemaji, lakini kumbukumbu ilikosekana. Mitandao ya leo imebadili mpangilio huo: kila kitu huhifadhiwa, ila msemaji hupotea. Picha hufika katika kundi la WhatsApp la ukoo au la kanisa pasipo mtu kujua ilipigwa wapi na lini. Anayeipeleka ni shangazi au mwalimu anayeheshimiwa, basi heshima yake huazimwa na picha. Imani ambayo zamani ilimlinda msikilizaji sasa ndiyo inayomfungulia mwongo mlango.

Juu ya hayo, mitambo ya akili unde inaweza kuunda sauti na sura ya mtu aliye hai. Madhara yake ni mawili. La kwanza limesemwa sana: watu wataamini yasiyokuwapo. La pili halijasemwa vya kutosha: watu watayakataa yaliyokuwapo. Kamera ya siri ya mwaka 2023 ilikuwa na nguvu kwa sababu mtazamaji alichukulia kwamba kilichoonekana kilitukia. Msimamizi atakayenaswa kesho atakuwa na jibu rahisi, kwamba picha imeundwa. Atakayelipia shaka hiyo ni mchumaji chai, ambaye silaha yake pekee ilikuwa kuonekana.

Dola imejibu kwa njia mbili. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta ilifanya uchapishaji wa habari za uwongo kuwa kosa la jinai, ikapingwa mahakamani tangu mwanzo. Na Juni 25, 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza redio na televisheni zisitishe matangazo ya moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Anayekumbuka Desemba 2007 anajua kinachofuata. Kunyamazisha wenye majina ni kuwakabidhi uwanja wasio na majina.

Hitimisho

Historia ya nchi ya chai haionyeshi enzi yoyote ya dhahabu ambapo watu waliambiwa kweli tupu. Inaonyesha kwamba watu hawa hawakuwa wepisi wa kudanganywa wala wagumu wa kuamini pasipo sababu. Waliuliza maswali yaleyale daima: nani kasema, alikuwapo, na je, atarudi kujibu?

Wajibu wa idara za lugha hapo si mdogo. Matangazo ya redio za lugha za mama yanahitaji kuhifadhiwa na kuandikwa, ili siku nyingine mafumbo yake yasiamuliwe kwa kumbukumbu za mashahidi walioingiwa hofu. Wanafunzi wa uandishi wa habari wanahitaji kufundishwa tofauti ya uvumi, tetesi, taarifa na ushahidi, kwani Kiswahili kimezitenga dhana hizo kwa majina, na mwenye majina ya mambo ana pa kuanzia. Na habari zinazowahusu wachumaji chai zinahitaji kuandikwa kwa lugha wanazozungumza, na waandishi wanaoweza kukutana nao njiani kesho yake.

Habari ya uwongo ina ncha saba, walisema wazee. Ya kweli nayo yahitaji mtu wa kuishika. Katika vilima vya Kabianga watu bado hukutana na kuulizana habari, na anayeulizwa bado hutarajiwa kujibu. Uandishi wa habari utaaminiwa huko kwa kadiri utakavyokubali kuulizwa vivyo hivyo.